Watu wa Kale Hawakuokolewa na Bahati

Tarehe 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi, katika jimbo la Afar kaskazini-mashariki mwa Ethiopia, ulilipuka na kurusha majivu hadi kimo cha kilomita 14 hivi. Kijiji cha Afdera kikajaa vumbi, wingu likavuka Bahari ya Shamu, likapita juu ya Yemen na Oman, na muda si mrefu mashirika ya ndege nchini India yakaanza kufuta safari. Vyombo vingi vya habari vilibeba kichwa kimoja: mlima uliolala miaka 12,000 umeamka. Mazungumzo yaliyofuata nayo yakaelekea upande mmoja. Ikiwa mlima mdogo kama huo unaweza kusimamisha ndege za leo, watu waliokuwa na mawe na mikuki tu walifanywaje na milima iliyoushinda kwa mbali? Jibu lililozoeleka ni kwamba walikufa, na waliosalia walisalia kwa bahati.

Jibu hilo limekosea. Ushahidi uliokusanywa katika robo karne iliyopita, kuanzia Ethiopia hadi Papua New Guinea, unaonyesha kwamba nguvu ya mlipuko ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni namna watu walivyokuwa wakiishi kabla mlima haujalipuka: walikuwa na pa kwenda, walikuwa na wa kuwapokea, walikuwa na kingine cha kula? Mara nyingi mbinu zilizowavusha hazikubuniwa siku majivu yalipoanguka. Zilikuwa mbinu za kiangazi, za njaa ya msimu, za ugomvi na majirani, ambazo siku ya volkeno ziligeuka kuwa ngao. Tukilielewa hilo, tutaona pia kwamba swali la nani yuko salama zaidi, wao au sisi, halina jibu rahisi tunalolipenda.

Hiyo 12,000 kwanza. Katalogi za volkeno za dunia hujishughulisha zaidi na kipindi cha takriban miaka 11,700 iliyopita, tangu barafu kuu ya mwisho ilipoyeyuka. Mlima ambao hakuna mlipuko wake unaojulikana ndani ya kipindi hicho huandikwa hivyo hivyo: hakuna unaojulikana. Hayli Gubbi uko katika bonde la Danakil, miongoni mwa sehemu zenye joto kali kuliko zote duniani, mbali na barabara, na ni wachache waliowahi kwenda kuchimba na kupima umri wa miamba yake. Baadhi ya wataalamu wa volkeno walisema mapema kwamba wangeshangaa kama kweli mlima huo ulinyamaza muda wote huo. Lakini ukosefu wa kumbukumbu ulishageuzwa kuwa kumbukumbu ya ukimya. Kosa lile lile tunawafanyia watu wa kale: kwa kuwa hawakuandika jinsi walivyopona, tunawaandikia kifo.

Na ajabu ni kwamba tunawajua kwa sababu ya majivu yenyewe. Mabaki ya binadamu wa Omo Kibish, kusini mwa Ethiopia, yalipewa mwaka 2022 umri usiopungua takriban miaka 230,000, baada ya tabaka la majivu lililolala juu yake kuoanishwa na mlipuko wa volkeno ya Shala. Nyayo za Laetoli, zenye miaka milioni 3.66, zilihifadhiwa na majivu yaliyolowa mvua kisha yakagandamana. Kule Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, ziko nyayo zaidi ya 400 za watu kama sisi, zilizoachwa kwenye tope lililotokana na majivu ya Ol Doinyo Lengai maelfu ya miaka iliyopita. Waliozipima wanaona kundi moja la watu 17, wengi wao wanawake wazima, wakitembea pamoja kwa mwendo wa kawaida. Hawakuwa wakimkimbia mtu wala mlima. Walikuwa katika shughuli zao, juu ya majivu.

Ukirudi nyuma zaidi, picha ni hiyo hiyo. Mwaka 2021 timu iliyokuwa na watafiti wa Kitanzania ilichapisha matokeo ya uchimbaji wa Ewass Oldupa, upande wa magharibi wa bonde la Olduvai. Hapo viumbe waliotutangulia walitengeneza zana za mawe takriban miaka milioni mbili iliyopita, wakaja na kuondoka na kurudi tena kwa muda wa zaidi ya miaka 200,000, huku mandhari ikibadilika chini ya miguu yao: makangaga yaliyoota juu ya ardhi iliyofunikwa na majivu, kisha mbuga, kisha mwambao wa ziwa, kisha vichaka. Zana zao zilikuwa zile zile. Walichobadilisha ni namna ya kuzitumia. Sisemi kwamba walikuwa wakipanga mikakati ya maafa. Ninachosema ni kwamba ukoo wetu ulikulia jirani na volkeno, na si haki kuuelezea kana kwamba volkeno ilikuwa mgeni wa ghafla.

Hata hivyo hoja ya wanaoamini maangamizi ina uzito wake. Msingi wake ni Toba. Takriban miaka 74,000 iliyopita, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, volkeno hiyo ilitapika si chini ya kilomita za ujazo 2,800 za miamba iliyoyeyuka, na shimo lililobaki ndilo leo Ziwa Toba, lenye urefu wa karibu kilomita 100. Tambora, nayo ya Indonesia, ilipolipuka mwaka 1815 ilitoa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na bado mwaka uliofuata Ulaya na Amerika Kaskazini zilikosa majira ya joto, mazao yakafa kwa baridi. Kwa nini basi Toba isiwe imeleta miaka kadhaa ya giza? Michael Rampino na Stephen Self walilieleza wazo la baridi ya volkeno mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1998 mwanaakiolojia Stanley Ambrose akaliunganisha na jambo ambalo wanajenetiki walikuwa wameliona: kwamba binadamu wote wa leo tunaonekana kutokana na idadi ndogo ya mababu. Ambrose si mtu wa kukisia akiwa ofisini. Alichimba kwa miaka katika pango la Enkapune ya Muto, jirani na Naivasha. Hoja yake ilikuwa ya heshima, ilieleweka haraka, na ikaenea hadi ikawa kama hadithi ya pili ya gharika.

Tatizo lilianza watu walipokwenda kuyatafuta majivu ya Toba huku kwetu. Yapo, ila ni punje za kioo zisizoonekana kwa macho, zilizochanganyika na mashapo. Mwaka 2013 yaliripotiwa katika mashapo yaliyochimbwa chini ya Ziwa Nyasa, au Malawi kama wenzetu wa ng'ambo wanavyoliita (mzozo huo tuuache leo), karibu kilomita 7,000 kutoka Sumatra. Tabaka lililo juu ya punje hizo halina dalili ya baridi kali wala ya uoto uliokufa kwa wingi. Mwaka 2018 punje kama hizo ziliripotiwa Pinnacle Point, pwani ya kusini ya Afrika Kusini, na hapo watu hawakupungua. Shughuli zao ziliendelea na hata kuzidi. India nako, ambako majivu ya Toba yalianguka kwa unene wa kuonekana, zana za mawe za Jwalapuram zinapatikana chini ya tabaka la majivu na juu yake, zikifanana kiasi kwamba wachimbaji waliandika mwaka 2007 kuwa inaelekea ni watu wale wale walioendelea kuishi. Wazo la mababu wachache halijafa, lakini tarehe yake ni pana mno, na kundi dogo lililotoka Afrika kwenda kujaza mabara mengine linaweza kulieleza vizuri bila kuhitaji volkeno yoyote.

Ushahidi ninaouona kuwa na mafunzo mengi kuliko wote unatoka Shinfa-Metema, kaskazini-magharibi mwa Ethiopia, karibu na mpaka wa Sudan, na ulichapishwa mwaka 2024 na timu iliyoongozwa na John Kappelman. Hapo watu walipiga kambi kando ya mto wa msimu ambao maji yake huishia katika Nile ya Buluu. Watafiti walikuta punje za Toba katikati ya mashapo ya kambi hiyo, wakaweza kutofautisha kilicholiwa kabla na kilicholiwa baada. Maganda ya mayai ya mbuni, ambayo kemia yake hubeba kumbukumbu ya ukame, yalionyesha kwamba kiangazi kilizidi ukali. Mifupa ya wanyama wa nchi kavu ikapungua katika mabaki ya chakula, ya samaki ikaongezeka sana. Sababu inaeleweka na yeyote aliyewahi kuuona mto wa msimu mwezi wa mwisho wa kiangazi: maji hubaki vidimbwi, samaki hukwama humo, na kuvua kunakuwa kazi ya mikono tu. Kidimbwi kikiisha, watu husogea hadi kingine. Kwa maoni ya watafiti hao, mto uliokauka vipande vipande uligeuka kuwa njia, na watu waliofuata vidimbwi walijikuta wakisogea mbali, pengine hata kutoka nje ya bara. Pamoja na samaki kulipatikana ncha ndogo za mawe za pembetatu ambazo wanaziona kuwa za mishale.

Zingatia kilichotokea hapo. Watu hao walikuwa tayari wakiishi mahali penye kiangazi kila mwaka. Walijua vidimbwi, walijua samaki, walijua kuhama. Toba iliwaongezea makali ya shida waliyoifahamu. Laiti wangekuwa jamii ya msitu wenye mvua ya mwaka mzima, wenye chakula kimoja kinachopatikana mahali pamoja, huenda punje zile zile za kioo zingekuwa juu ya mifupa yao.

Pingamizi kubwa dhidi ya maelezo haya, na ni zuri, linasema kwamba tunahesabu waliopona tu. Mwanaakiolojia huchimba palipo na mabaki. Kundi lililokufa njaa porini haliachi kambi ya kuchimbwa. Pia tabaka moja la mashapo linaweza kumeza mamia ya miaka, na ndani ya miaka hiyo vizazi viwili vinaweza kuteseka, kupungua, kisha kujazwa na wageni wanaotumia zana zile zile, nasi tukasema "waliendelea". Tena mifano yangu mingi ni ya watu waliokuwa maelfu ya kilomita kutoka Toba. Aliyekuwa chini ya mlima hana hadithi ya kustahimili. Volkeno ya Kikai ilipolipuka baharini kusini mwa Japani takriban miaka 7,300 iliyopita, mkondo wa majivu na gesi za moto ulivuka maji na kufika kusini mwa Kyushu, kwenye makazi ya watu wa Jomon, wawindaji na wavuvi wa kale wa Japani. Mbele ya mkondo wa namna hiyo hakuna uhodari wala mila. Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Linapunguza ukubwa wa dai langu, lakini haliligusi dai lenyewe, kwa sababu nje ya eneo la kifo cha papo hapo, ambalo kwa milipuko mingi ni dogo kulinganisha na eneo la majivu, bado tunabaki na swali kwa nini jamii moja ilirudi na nyingine haikurudi.

Kwa swali hilo hakuna mahali pazuri kuliko West New Britain, Papua New Guinea, ambako mwanaakiolojia Robin Torrence na wenzake wamefanya kazi kwa miongo. Volkeno ya Witori na nyingine ya Dakataua zililipuka mara kadhaa ndani ya miaka 6,000 iliyopita, na kila mlipuko uliacha tabaka lake juu ya rasi ya Willaumez, kwa hiyo eneo moja linatupa majaribio kadhaa. Baada ya milipuko mikubwa watu waliondoka kabisa. Wangefanya nini kingine, na bustani ziko chini ya majivu na mito imejaa mchanga? Lakini walirudi, na katika milipuko ya baadaye walirudi upesi kuliko katika ile ya mwanzo. Torrence anatafuta sababu katika mahusiano na katika kilimo zaidi kuliko katika mlima: jinsi watu walivyounganishwa na visiwa vingine na jinsi walivyoitumia ardhi. Hawakutoka salama bila kupoteza kitu. Kabla ya mlipuko mkubwa wa Witori wa takriban miaka 3,300 iliyopita, kulikuwa na zana za fahari za obsidiani, kioo cha volkeno, zenye mpini wa kuchongwa ambazo zilisafirishwa mbali. Baada ya mlipuko hazionekani tena, na badala yake unakuja ufinyanzi wa Lapita, vyungu vyenye nakshi vya watu wa visiwa vya Pasifiki. Watu walipona, ufundi ukafa. Wanaohesabu vichwa tu hawalioni hilo.

Obsidiani yenyewe inastahili maneno zaidi, maana ni zawadi ya mlima ule ule unaoua. Ukipanda Eburru, juu ya Naivasha, utaikanyaga: vipande vyeusi vya kioo vinavyong'aa jua linapopiga. Kwa kuwa kila chimbuko lina kemia yake, kipande kinaweza kurudishwa kwao hata kikipatikana mbali. Wafugaji wa utamaduni wa Elmenteitan, takriban miaka 3,000 iliyopita, walipendelea mno obsidiani ya Eburru, na inapatikana hadi Gogo Falls, karibu na Ziwa Victoria. Olorgesailie, mbele kidogo ya Magadi kwa anayetoka huko kwenda Nairobi, tayari miaka 300,000 hivi iliyopita kulikuwa na obsidiani iliyotoka hadi kilomita 95. Jiwe halitembei. Likivuka maeneo ya watu kadhaa kwa vizazi, maana yake kuna watu wanaojuana, wanaooana labda, wanaoweza kubisha hodi kwa wenzao. Hapa nakisia, lakini sidhani nakisia vibaya: njia iliyopitisha jiwe mwaka wa neema ndiyo iliyopitisha watoto na mbuzi mwaka wa balaa. Mahusiano ya mbali ni gharama kuyatunza, na hakuna anayeyatunza kwa kusubiri mlipuko unaokuja mara moja katika vizazi hamsini. Hutunzwa kwa sababu za kila siku.

Amerika ya Kati inaleta mjadala mwingine, wa ukubwa wa jamii. Payson Sheets, aliyechimba El Salvador na Costa Rica, alilinganisha vijiji vidogo vya eneo la volkeno ya Arenal na jamii kubwa za Wamaya zenye watawala na miji. Arenal ililipuka tena na tena ndani ya takriban miaka 4,000, na kila mara vijiji vilirudi vikiwa na maisha yale yale. Picha zilizopigwa kutoka angani zilifichua hata vijia vyembamba vya miguu kati ya vijiji na makaburi, vilivyofuatwa na watu waliorudi baada ya majivu kuvifunika. Kwa hiyo, anasema Sheets, jamii ndogo isiyo na tabaka za watu, inayokula vya shambani na vya porini, inayumba lakini haianguki. Jamii kubwa iliyofunga maisha yake kwenye zao moja na mji mmoja huanguka. Naipenda hoja hiyo, na ndiyo maana naiangalia kwa jicho kali. Volkeno ya Ilopango ililipuka El Salvador karibu mwaka 431 baada ya Kristo na kulifunika bonde la Zapotitán kwa majivu meupe. Lakini utafiti wa Akira Ichikawa wa mwaka 2021 unaonyesha kwamba huko San Andrés, kilomita 40 hivi kutoka kwenye volkeno, watu walianza kujenga jengo kubwa la ibada ndani ya miaka 5 hadi 30 baada ya mlipuko, wakitumia mawe na majivu yale yale. Hiyo ni kazi ya wengi chini ya mamlaka fulani, ardhi ikiwa bado imeharibika. Mamlaka, basi, inaweza pia kuwa njia ya kurudisha watu. Na katika bonde hilo hilo, juu ya majivu ya Ilopango, kilizaliwa kijiji cha Joya de Cerén, ambacho nacho kilifukiwa na volkeno ndogo ya jirani katika karne ya 7. Vyombo vya chakula vilibaki ndani ya nyumba, mahindi na maharage yakabaki, mashamba ya muhogo yakabaki na matuta yake. Maiti za watu hazijapatikana. Walikuwa wameondoka.

Katika hoja zote zinazozunguka jambo hili, iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya kupanga tarehe mbili na kutangaza chanzo: mlima ulilipuka, jamii ikabadilika, basi mlima uliibadilisha. Imetumiwa hata kwa Neanderthal, binadamu wa kale wa Ulaya waliokwisha toweka. Mlipuko mkubwa wa Campi Flegrei, Italia, takriban miaka 40,000 iliyopita, ulipendekezwa kuwa ndio uliowamaliza, kwa kuwa walitoweka kipindi hicho hicho. Kisha punje za majivu yake zikatafutwa mapangoni, kuanzia Balkani hadi pwani ya Libya, na ripoti ya mwaka 2012 ikaonyesha kwamba katika maeneo hayo mabadiliko kutoka kwa Neanderthal kwenda kwa watu kama sisi yalishatokea kabla ya majivu kuanguka. Mshtakiwa alifika baada ya tukio. Hoja ya namna hii inapendwa kwa sababu volkeno ina tarehe na ina moshi, huku sababu nyingine, kama kugawana ardhi, ndoa, uchovu wa udongo au ugomvi wa koo, hazina. Mashariki mwa Alaska mlipuko wa karibu mwaka 853 ulimwaga majivu juu ya Yukon, na karne hizo hizo wawindaji wa huko waliacha mkuki wa kurusha kwa kijiti wakashika upinde; wengine wanaoanisha pia tukio hilo na safari ndefu ya wasemaji wa lugha za Dene, wenyeji wa Amerika Kaskazini, kuelekea kusini. Inawezekana. Lakini anayetaka kuniaminisha anionyeshe watu wakiondoka, wakipita kwa nani, na wakipokewa vipi. Tarehe peke yake haitoshi.

Upande wa pili kuna udhaifu unaofanana na huo: kuwageuza watu wa kale kuwa walimu wa hekima, kana kwamba tukirudia maisha yao tutakuwa salama. Walikuwa wachache, na ardhi yenye nafasi ndiyo iliyowapa ruhusa ya kuhama. Walizika watoto wengi hata mwaka usio na volkeno. Goma ina watu zaidi ya milioni moja waliobanwa kati ya ziwa, mpaka na volkeno ya Nyiragongo. Huwezi kuwaambia wafuate vidimbwi.

Bado, ukiiangalia Goma vizuri, maswali ni yale yale ya Shinfa-Metema. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka bila onyo la maana kwa wakazi, lava ikashuka hadi ukingoni mwa mji, na siku tano baadaye mamlaka ikaamuru mitaa kumi ihamwe. Karibu watu 400,000 waliondoka, wengi kuelekea Sake, wengine wakivuka kwenda Rwanda, kwa miguu, kwa pikipiki, na magodoro kichwani. Wengi walipokewa na familia, makanisa na shule. Waliofika Sake walikuta maji hayatoshi na hofu ya kipindupindu. Watu wa Goma hawakosi ujuzi wa mlima. Wanajua mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi kimya kimya, kuliko wahandisi wengi wanaokuja kuwafundisha. Walichokosa ni uhakika wa pa kwenda. Na mwanzoni mwa 2025 Sake hiyo hiyo ilikuwa uwanja wa vita, kabla Goma yenyewe haijaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mitambo ya kupima mitetemeko inaweza kuboreshwa hadi mwisho, lakini kama barabara ya kukimbilia ina vizuizi vya bunduki, onyo la saa 48 linamfaa nani?

Kwa wafugaji swali ni la nyasi. Huko Afdera maofisa walisema watu hawakufa, ila malisho yamefunikwa na mifugo haina cha kula. Ol Doinyo Lengai nayo, baada ya mitetemeko ya Julai 2007 iliyosikika hadi Nairobi, ililipuka kwa nguvu mwezi Septemba na kumwaga majivu juu ya malisho ya Wamasai; waliokuwa na pa kupeleka ng'ombe walipeleka. Kila mwaka unaopita, pa kupeleka panapungua: ua hapa, shamba kubwa pale, hifadhi mbele, mpaka nyuma. Mipango ya maafa huandikwa katika ofisi moja na mipango ya ardhi katika nyingine, na mapito ya mifugo hushughulikiwa kama kero ya wakulima na wafugaji tu. Mtu anayelifunga pito kati ya Natron na nyanda za juu anaamua, bila kujua, nini kitawapata ng'ombe siku Lengai itakapotema tena. Mlima huo haujazimika.

Fedha zinapotafutwa baada ya Hayli Gubbi, na zitatafutwa, sehemu kubwa itakwenda kwenye vituo vya kupimia, na vinahitajika kweli. Danakil haina vya kutosha. Ila ningependa kuona katika karatasi hizo hizo mstari wa mabomba ya maji ya Sake, mstari wa familia zinazopokea wageni na ambazo hakuna anayezihesabu, mstari wa akiba ya majani ya mifugo mbali na mlima, na makubaliano ya maandishi kati ya wilaya na wilaya, nchi na nchi, kwamba mtu anayekimbia majivu na mbuzi wake hasimamishwi mpakani akidaiwa vyeti vya chanjo.